Kuisukuma theluji si kazi, kazi ni pa kuiweka

Watu wakisikia kwamba njia yangu ya kuingilia nyumbani ina urefu wa karibu mita 300, na kwamba majira ya baridi naisafisha mwenyewe kwa trekta dogo, swali la kwanza huwa lile lile: trekta lina nguvu ya farasi ngapi? Nikisema 25 wengine wanaguna. Nimeshaacha kubishana nao. Injini haijawahi kuwa tatizo langu. Siku ninazokwama, ama matairi yamekosa mshiko, ama theluji imekosa pa kwenda. Na hilo la pili ndilo gumu zaidi, kwa sababu siku linapojitokeza huwa umeshachelewa wiki kadhaa.

Piga hesabu kidogo. Njia ya mita 300, upana mita 3, theluji ya kina cha sentimita 40: hizo ni mita za ujazo 360. Theluji mpya iliyo kavu, iliyoanguka bila upepo, ina uzito wa kilo 50 hadi 100 hivi kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo ukiwahi na ukiwa na bahati una tani 18 hadi 36 za kuhamisha. Ikishindiliwa na upepo, mita hiyo moja inafika kilo 300 na zaidi, na sasa kina kile kile ni tani 100 na ushei. Ndoo ya mbele ya trekta la kimo hiki inachota robo ya mita ya ujazo, au zaidi kidogo ikijaa pomoni. Ukitaka kuichota yote na kuibeba, ni safari zaidi ya elfu moja. Basi hakuna kubeba. Unaisukuma pembeni au unairusha, na ndoo unaiachia kona, mlango wa gereji na mdomo wa njia.

Kusukuma pembeni kunaonekana rahisi mpaka ujue kinachotokea kwenye lile tuta unaloliacha. Chembe za theluji zinapovurugwa zinavunjika, zinagusana kwa karibu, kisha zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe. Baada ya saa moja au mbili tuta uliloliacha laini linakuwa gumu kiasi kwamba beleshi la mkono linagonga na kurudi. Usiku mmoja wa baridi kali ukipita juu yake, trekta dogo halilisogezi tena, linapanda juu yake. Ndiyo maana neno "nitaisogeza kesho" nimelifuta kabisa. Theluji ikiguswa, iguswe mara moja na ifikishwe pale itakapokaa mpaka majira yaishe.

Mzee jirani, ambaye amefanya kazi hii tangu mimi sijazaliwa, alinikuta nasafisha theluji ya kwanza ya msimu, nyepesi, haifiki hata sentimita 15, nami nimeridhika na njia iliyotosha gari moja. Akasimama, akaangalia, akasema, "Kijana, fungua uwanja leo. Hii ni ya kuchezea. Ile ya mwezi wa pili ndiyo itakayokuuliza hii uliiweka wapi."

Nikamjibu kwamba gari linapita vizuri tu, mzee.

"Leo linapita," akasema, akaendelea na safari yake.

Alikuwa na haki. Kila unaposafisha, tuta jipya linaegemea tuta la zamani, na ukuta unaingia ndani kwa kiganja kimoja. Ukianza na mita 3, katikati ya msimu unabaki na mita mbili na kidogo, kuta zimepanda kufika kifuani, na bledi, ule ubapa wa chuma wa kusukumia theluji, haina tena pa kumwaga. Siku hizi theluji ya kwanza naisukuma mbali kuliko inavyoonekana kuna haja: mita moja na nusu hadi mbili nje ya ukingo wa njia, kila upande ambao ardhi inaruhusu. Mpita njia anaona napoteza dizeli. Na katikati ya msimu, theluji ya juu ikiwa bado laini, napita mara moja na ndoo ikiwa juu, nakata vichwa vya matuta na kuvirudisha nyuma ili kipatikane kibaraza cha kupokea kinachofuata. Kazi hiyo naifanya siku ya jua, bila haraka. Ukisubiri tufani ndipo ukumbuke kupanua, tufani haikungojei.

Kuna jambo la upepo ambalo vitabu vya trekta havilisemi sana. Ukuta wa theluji ulio upande upepo unakotokea unageuka mtego. Upepo ukiruka juu yake unapungua kasi upande wa pili, na unapopungua unaangusha ulichobeba, yaani katikati ya njia yako uliyoisafisha asubuhi. Kwa hiyo kwenye ile sehemu iliyo wazi, isiyo na miti, theluji yote naisukuma upande mmoja tu, ule ambao upepo unaelekea. Ni safari ndefu kidogo kwa bledi, lakini upande wa pili unabaki chini, upepo unapita na kujifagilia wenyewe.

Hapo hapo kwenye uwazi nimesimamisha uzio wa kuzuia theluji, ule wa mbao au plastiki wenye matundu, ambao karibu nusu ya eneo lake ni uwazi. Wengi wanausimamisha pembeni kabisa mwa njia wakidhani unazuia kama ukuta wa nyumba. Hauzuii hivyo. Unapunguza kasi ya upepo, na theluji inaanguka nyuma yake, mlundo mrefu unaoweza kufika mara 35 ya kimo cha uzio. Uzio wa mita 1.2 ukae basi umbali wa mita 42 hivi kutoka njiani, upande upepo unakotokea. Ukiuweka mita tano, umejitengenezea mlima wako mwenyewe juu ya njia. Chini acha uwazi, kama sehemu moja ya kumi ya kimo, usije ukazikwa na theluji yake yenyewe.

Njia yangu ni ya changarawe, na hilo linabadilisha mambo. Theluji ya kwanza ardhi ikiwa bado haijaganda, siikwangui hadi chini. Naacha sentimita tatu nne, gari linazishindilia, baridi inazigandisha, na sasa nina sakafu ngumu ya kusafishia juu yake hadi mwisho wa msimu. Anayekwangua mpaka chini siku ya kwanza atakuwa anaokota kokoto kwenye majani majira ya joto. Nimechukua bomba la chuma, nikalipasua kwa urefu wake, nikalivisha kwenye makali ya ndoo. Makali yakiwa na mviringo yanaelea juu ya changarawe badala ya kuichimba. Na ile nafasi ya wenzo inayoiacha ndoo ielee yenyewe, ifuate ardhi, ndiyo ninayoitumia karibu muda wote, ndoo ikiinamishwa nyuma kidogo. Ndoo iliyoelekeza meno chini ikikutana na jiwe lililoganda ardhini, chuma kinapinda, au wewe unaruka mbele hadi kwenye usukani.

Vijiti vya alama vinachomekwa kabla ardhi haijaganda, maana baada ya hapo hata nyundo haisaidii. Virefu, vyenye kiakisi mwanga juu, kila mita kumi au kumi na tano, na karibu zaidi kwenye kona na kwenye kalvati. Theluji nene inafuta kila kitu unachokifahamu. Unaweza kuwa umepita njia hiyo miaka kumi na bado usijue shimo la kando lilipoanzia.

Sasa mshiko. Hapa ndipo trekta dogo linaposhinda au kushindwa, na nguvu za farasi hazina kauli. Trekta linasukuma kwa kadiri matairi yanavyoshika ardhi, na matairi yanashika kwa kadiri yanavyobebeshwa uzito. Ukiwa na ndoo mbele na nyuma hakuna kitu, umebeba uzito wote mahali pasipohitajika. Mimi nafunga bledi nzito nyuma hata siku ambazo sitaitumia. Mwingine anafunga kasha lililojazwa zege, na ni sawa kabisa. Matairi ya nyuma nimeyajaza kimiminika kisichoganda hadi karibu robo tatu. Maji matupu yataganda humo ndani. Chumvi ya kalsiamu ni nzito na ni nzuri kwa uzito, ila inakula rimu pakivuja, kwa hiyo chagua ukijua.

Minyororo ya matairi sikuwa nikiipenda. Inapiga kelele na inachubua lami ya mwenye lami. Lakini juu ya barafu, hasa ile barafu iliyofunikwa na theluji mpya usiyoiona, sijapata kitu kingine kinachofanya kazi yake. Unaivalisha trekta likiwa limesimama mahali pakavu, unakaza, unaendesha mwendo mfupi, unashuka unakaza tena, kwa sababu kila mara inalegea baada ya kuzunguka mara chache. Kabla ya yote, pitisha mkono kati ya tairi na bawa la trekta uone nafasi iliyopo. Na ukifunga minyororo mbele, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili huku mtu akiangalia kama inagusa mabomba ya haidroliki, yale ya mafuta yanayoinua ndoo. Mnyororo hauna huruma na bomba la mpira.

Njia yangu ina mteremko kabla ya kufika nyumbani, si mkali, lakini ndio ulionifundisha jinsi breki za trekta zinavyofanya kazi. Kwenye matrekta mengi madogo breki zipo ekseli ya nyuma tu. Ndoo ikijaa na kuinuliwa, uzito unahamia mbele, nyuma kunakuwa kwepesi, na huko nyuma ndiko kwenye breki. Sasa teremka ukiwa kwenye magurudumu mawili, ukanyage pedali: matairi ya nyuma yanajifunga na kuteleza, ya mbele yanabingirika hayana habari, na trekta linaendelea kwenda kana kwamba hujagusa kitu. Ukiingiza gia ya magurudumu yote manne, ekseli ya mbele inaunganishwa na ya nyuma kwa shafti, na breki ile ile sasa inazuia matairi manne. Lakini wengi wanaingiza magurudumu manne wanapopanda na kuyatoa wanapoteremka, wakati huko kuteremka ndiko yanakohitajika kuliko popote. Ndoo iwe chini, karibu kugusa ardhi. Ikiwa trekta linaanza kuteleza, unaiangusha ndoo nayo inakuwa nanga. Mkanda ufungwe ikiwa lile fremu la kinga ya kupinduka limesimama juu yako. Fremu bila mkanda halikusaidii sana, maana trekta likipinduka utarushwa nje ya kinga yenyewe.

Kuhusu vifaa, nitasema ninavyoona mimi, na anayetofautiana nami ana haki yake. Ndoo inafanya kila kitu vibaya kiasi, ila kulundika inajua. Bledi ya nyuma ni ya bei nafuu, haina cha kuharibika, na kwa theluji ya hadi sentimita 20 au 25 inatosha kabisa ukiielekeza pembe ya nyuzi 30 hadi 45. Kasoro yake ni kwamba matairi yanapita kabla ya bledi, yanashindilia mistari miwili migumu, na theluji ikiwa nene trekta linakwama kabla bledi haijafika. Dawa ni kuigeuza bledi na kurudi kinyumenyume, bledi itangulie. Shingo italalamika.

Mashine ya kurusha theluji inayozungushwa na shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu ya injini kwenda kwenye vifaa, ni kitu kingine. Yenyewe haijengi kuta. Inameza na kutupa mbali, mita kadhaa nje ya njia, ikatawanyika. Hilo peke yake linamaliza lile tatizo la pa kuiweka. Kwa njia ndefu yenye theluji nene miaka yote, ningenunua hiyo kabla ya trekta kubwa zaidi. Gharama yake ni mwendo wa kobe: shafti lazima izunguke raundi 540 kwa dakika muda wote huku magurudumu yakitambaa, na hapo trekta lenye mwendo wa haidroliki, la kukanyaga pedali tu, linamwacha mbali lile la klachi na gia. Ikiwa mashine iko nyuma, unafanya kazi yote kinyumenyume na theluji nusu inakurudia usoni upepo ukigeuka. Mrusho uelekee upande upepo unakokwenda. Hata mtu aliyeambiwa atasahau, ila hatasahau mara nyingi.

Theluji ya karibu na nyuzi sifuri, ile nzito yenye maji, inaziba bomba la kurushia. Kulipaka nta au mafuta ya silikoni kabla ya kuanza kunasaidia, na kuzungusha injini kwa nguvu zote kunasaidia zaidi. Ikiziba, mikono haiingii humo. Unaondoa PTO, unazima injini, unatoa funguo na kuutia mfukoni mwako, unangoja kila kitu kisimame, ndipo unazibua kwa kijiti. Nimeona watu wenye akili zao wakitaka kuzibua kwa glavu huku injini inanguruma, eti ni sekunde moja. Na zile pini zinazokatika mashine ikimeza jiwe au gazeti lililoganda, weka za akiba za aina ile ile aliyoitaja mtengenezaji. Fundi wa njiani atakuwekea boliti ngumu "isikatike tena". Kweli haitakatika, kitakachokatika ni sanduku la gia.

Asubuhi ya baridi kali trekta linawaka au haliwaki kutokana na ulichofanya jana. Betri kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri ina karibu nusu tu ya nguvu yake, na wakati huo huo oili nzito inaidai zaidi. Hita ya injini ichomekwe saa mbili tatu kabla. Dizeli ya kiangazi ikipoa chini ya sifuri huanza kutoa chembe za nta, na nta hiyo inaziba filta, injini inazima katikati ya njia ukidhani mafuta yameisha. Jaza dizeli ya majira ya baridi mapema, na dawa ya kuzuia nta itiwe kabla mafuta hayajaganda. Yakishaganda haifanyi kitu. Injini ikiwaka, iache dakika kumi kabla ya kuinua chochote, haidroliki ipate joto. Ila mlango wa banda uwe wazi. Moshi wa injini kwenye banda lililofungwa una gesi inayoua isiyo na harufu.

Na usingoje theluji iishe kuanguka. Kama utabiri unasema sentimita 60, mimi natoka ikifika 15, narudi tena, na tena. Kila pito ni jepesi, matairi yanakutana na ardhi, na hakuna hata wakati mmoja trekta linapozidiwa. Anayelala akisema ataamka kuimaliza yote kwa pamoja anaamka na kitu ambacho trekta la saizi hii halikiwezi. Usiku nazima taa kubwa za mbele zilizo juu; mwanga unarudi kwenye chembe zinazoanguka na unabaki ukitazama pazia jeupe. Taa za chini, na moja ya pembeni inayomulika vijiti, zinatosha.

Mdomo wa njia ni kesi ya peke yake. Gari la kusafisha barabara kuu likipita linaacha tuta la theluji chafu, iliyochanganyika na chumvi na mabonge ya barafu, kuvuka kabisa mlango wako. Hiyo si ya kusukuma na bledi. Ni ya ndoo, kidogo kidogo, kutoka pembeni kuelekea katikati, na mapema kabla haijashikana. Nasafisha pia kipande cha kando ya barabara upande gari hilo linakotokea, ili mzigo wake umwagike humo kabla ya kufika kwangu. Isivushwe ng'ambo ya barabara. Mahali pengi ni kosa kisheria, na hata pasipo sheria mtu atagonga. Mlundo nao usizibe macho ya anayetoka njiani kuingia barabara kuu.

Kazi ikiisha, nagongagonga theluji iliyonata chini ya trekta, kwenye pedali na kuzunguka viungo vya breki, kwa sababu ikiyeyuka kidogo kisha ikaganda usiku, kesho pedali haishuki. Trekta naliegesha juu ya mbao, na ndoo naishusha juu ya ubao pia. Chuma kikilala kwenye ardhi yenye maji kinaganda nayo, na haidroliki ya trekta dogo inaweza kuvuta hadi ikanyanyua ekseli ya mbele kabla ndoo haijabanduka.

Msimu unapokwisha milundo inasema iliwekwa wapi. Ule ulio juu ya nyumba unamwaga maji kwenye msingi, ule wa karibu na kisima unapeleka chumvi ya barabara mahali isipotakiwa, na ule uliofunika mfereji unafanya njia yenyewe iwe mto wiki nzima. Mlundo mkubwa wa kwangu sasa uko upande wa bondeni, chini ya nyumba, mbali na kisima, na ndio unaochelewa kuyeyuka kuliko yote. Vijiti vya upande huo nimevihamisha mita mbili nje zaidi kabla ardhi haijaanza kukaza, na uzio nimeusogeza nyuma ya mti ulioanguka, ambapo upepo sasa unapita bila kizuizi.